Modeli inapatia mavuno ila gesi na kaboni zinakosea, nipandishe namba gani?

Msomaji kaniandikia, nimefupisha kidogo: "Shikamoo mtaalamu. Niko kwenye uzamili, naendesha modeli ya kompyuta ya kaboni, nitrojeni na maji kwenye shamba la majaribio la nafaka. Inahesabu siku kwa siku, na maji inayahesabu kwa mtindo wa ndoo. Mavuno yanafanana na ya shambani vizuri tu. Shida ziko mbili. N2O (nitrasi oksaidi, gesi ya nitrojeni inayotoka kwenye udongo) tuliyopima ilipanda ghafla siku mbili baada ya mvua kubwa ya kwanza, milimita 40 baada ya kiangazi kirefu, modeli yenyewe kimya, inatoa kilima kidogo siku kumi baadaye. Ya pili, kaboni ya udongo kwenye modeli inashuka tangu mwaka wa kwanza wakati vipimo vyetu vinaonyesha imetulia. Msimamizi anasema nipandishe kigezo cha denitrifikesheni (vijidudu kugeuza naitreti, nitrojeni iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo, kuwa gesi) mpaka vifanane. Nipandishe?"

Marahaba. Usipandishe, walau sio sasa hivi. Ukipandisha itafanana kweli, hilo sibishi, na mwakani ukija na mvua nyingine itakuumbua.

Tuanze na hayo mavuno maana ndo yamekupa imani ambayo modeli bado haijaistahili. Mavuno ni kitu rahisi sana kupatia. Kama shamba limewekewa mbolea ya kutosha, mmea kwenye modeli unaongozwa na jua, joto na urefu wa msimu, kwa hiyo hata nitrojeni ikikosewa kilo 20 kwa hekta mmea wala haushtuki, anakula kilichopo anashiba. Sasa linganisha na N2O. Hesabu ya kawaida ya IPCC, lile jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, ile ya kuanzia kabla hujaingia kwenye modeli yoyote, inasema kama asilimia 1 ya nitrojeni uliyoweka ndo inatoka kama N2O. Weka kilo 100, inatoka kilo 1. Yaani unachokitafuta ni chenji ya chenji, kosa dogo tu kwenye kitu kikubwa kinaimeza yote. Ndo maana mavuno kupatia na gesi kukosea sio ajabu kabisa, ajabu ingekuwa gesi kupatia mara ya kwanza.

Na usiidharau hiyo kilo moja. Kilo 1 ya nitrojeni kwenye N2O ni kilo 1.57 za gesi yenyewe, zidisha mara 273 ambayo ndo nguvu yake ya kupasha joto kwa miaka 100 ukilinganisha na kaboni dioksaidi, unapata kama kilo 429 za kaboni dioksaidi. Ili ufute hizo lazima udongo wako uongeze kama kilo 117 za kaboni kwa hekta kwa mwaka huo huo. Kwa hiyo mtu anayekuja na modeli inayosema shamba linahifadhi kaboni bila kukuonyesha gesi ya nitrojeni, mwambie arudi akamalizie hesabu.

Sasa tuje kwenye maji, maana mi naamini ugonjwa wako uko huko, dalili tu ndo zimejitokeza kwenye nitrojeni. Kwenye hizi modeli maji ni bosi. Vijidudu vinavyooza mabua vinasubiri maji, naitreti inasafiri na maji, na oksijeni inafukuzwa na maji. Chukua ile mvua yako ya milimita 40 tuifuate taratibu. Tabaka la juu la sentimita 10, tuseme kiwango cha kushika maji baada ya kujichuja ni 0.30 ya ujazo wa udongo na kabla ya mvua lilikuwa 0.18. Nafasi iliyobaki ni 0.12 mara milimita 100, milimita 12. Hizo 28 zinazobaki modeli ya ndoo inazimwaga tabaka la chini, la chini linashiba linamwaga tena chini yake, na jioni ya siku hiyo hiyo tabaka la juu limerudi kwenye 0.30 kama vile hakuna kilichotokea. Ndoo haijui kujaa mpaka juu ikakaa hivyo siku mbili.

Sasa denitrifikesheni inataka nini? Inataka matundu ya udongo yajae maji mpaka oksijeni ikose pa kupita, na kwenye modeli nyingi inaanza kushika kasi pale matundu yakishajaa kama asilimia 60 hivi. Tuangalie wewe uko wapi. Kama kwenye faili la udongo umeandika msongamano wa 1.3, yaani gramu za udongo mkavu kwa kila sentimita ya ujazo, gawanya kwa 2.65 ambayo ni uzito wa chembe zenyewe, toa kwenye moja, matundu ni 0.51. Maji 0.30 gawa kwa 0.51 unapata asilimia 59. Umeona? Modeli yako kila ikinyeshewa inasimama asilimia 59, nywele moja tu nje ya mlango, na mlango haufunguki mwaka mzima. Sasa badilisha namba moja, msongamano uwe 1.5 kama udongo umekanyagwa na trekta. Matundu yanakuwa 0.43, na maji yale yale 0.30 yanakuwa asilimia 69. Gesi inatoka! Hujagusa kigezo chochote cha nitrojeni.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwako ni hiyo namba ya msongamano umeitoa wapi. Kama mmepima wenyewe kwa ile pete ya chuma ya kuchota udongo wa ujazo unaojulikana, vizuri. Kama imetoka kwenye jedwali la aina za udongo, kwamba udongo tifutifu basi ni 1.3, hapo ndo pa kuanzia, usiende popote kwanza. Na uulize pia kama kuna lile tabaka gumu chini ya kina cha jembe, maana hilo linazuia maji yasishuke, tabaka la juu linakaa limelowa siku mbili tatu, na modeli haiwezi kulijua mpaka umwambie. Modeli nyingi zina sehemu ya kuandika kasi ya maji kupita kila tabaka, watu wengi wanaiacha kama ilivyokuja na programu.

Nisikucheke sana lakini, mimi mwenyewe nilishapoteza wiki tatu kwa faili la hali ya hewa. Modeli za ukoo wa CENTURY na DayCent zinataka mvua kwa sentimita, mi nikaweka kwa milimita kama nilivyozoea. Shamba likapata mvua mara kumi. Naitreti yote ikaoshwa ikaenda chini, mmea ukawa wa njano kwenye kompyuta, na mimi nikakaa nabadilisha vigezo vya mizizi nikidhani nimegundua kitu. Nilikuja kushtuka nilipojumlisha mvua ya mwaka nikaona hata kwenye msitu wa mvua hainyeshi hivyo. Tangu siku hiyo kitu cha kwanza nachofanya kwenye modeli yoyote ni kujumlisha mvua, na kuangalia maji yaliyoingia yanalingana na yaliyotoka: mvua kwa upande mmoja, na upande wa pili mvukizo, maji yaliyotiririka juu, yaliyochuja chini, na mabadiliko ya yaliyobaki kwenye udongo. Baki likiwa sio sifuri usiendelee. Halafu fanya hivyo hivyo kwa nitrojeni. Mbolea, samadi, inayoshuka na mvua na inayofungwa na mikunde, dhidi ya iliyoondoka na nafaka, iliyochuja chini, iliyoruka kama gesi na iliyobaki. Ni kazi ya nusu saa na inakamata makosa mengi kuliko takwimu zozote za kifahari.

Turudi kwenye kile kilima cha siku kumi baadaye. Nenda kwenye ratiba ya shughuli za shamba uangalie tarehe ya mbolea ya kwanza, mi naweka dau ni hiyo, yaani modeli haijaijibu mvua kabisa, imejibu mbolea. Kama ni kweli basi kipindi cha mvua modeli haikuwa na naitreti ya kuchezea. Imeenda wapi? Angalia mabua. Kama mliacha mabua shambani, chukua kilo 1,000 za mabua makavu, kaboni ni kama kilo 400, na kama kaboni kwa nitrojeni ni 80 kwa 1, nitrojeni iliyomo ni kilo 5 tu. Vijidudu vikila hapo, tuseme asilimia 40 ya kaboni inageuka kuwa miili yao na iliyobaki inatoka kama hewa, miili hiyo ni kilo 160 za kaboni, na mwili wa kijidudu unataka kaboni 8 kwa nitrojeni 1, kwa hiyo vinahitaji kilo 20. Vina 5. Kilo 15 vinaikwapua kwenye udongo. Mabua yakiwa tani nne ni kilo 60, sawa haziondoki siku moja lakini unaelewa kwa nini naitreti kwenye modeli inaweza kukauka kabisa mwanzoni mwa msimu. Kwa hiyo uhakikishe uwiano wa kaboni na nitrojeni ulioweka kwa mabua ni wa mabua yenu kweli, maana ukiwa na mikunde kwenye mzunguko masalia yake yako 20 hadi 30 kwa 1 na mambo yanageuka, vijidudu vinaachia nitrojeni badala ya kuikamata.

Halafu kuna kitu kingine hapo ambacho hata ukipatia maji na mabua, modeli yako inaweza ikashindwa tu, na ni vizuri ulijue mapema usije ukajilaumu. Udongo mkavu ukilowa ghafla unapumua kwa nguvu kuliko udongo uliokaa na unyevu ule ule muda wote. Aliyeliandika vizuri ni H.F. Birch, mtafiti aliyekuwa Muguga kule Kenya, mwaka 1958, na mpaka leo watu wa udongo dunia nzima wanaliita kwa jina lake. Kiangazi vijidudu vingi vinakufa, vinavyobaki vinajaza miili vitu vya kuvisaidia kuvumilia ukame, na kaboni iliyokuwa imefichwa ndani ya mabonge inakaa inasubiri. Mvua ya kwanza ikishuka vyote vinaachiwa kwa mkupuo, kaboni na nitrojeni pamoja, saa chache hadi siku chache, na vile vijidudu vinavyomeza oksijeni kwa fujo hiyo vyenyewe vinasaidia kuikausha, ndo maana N2O inapaa. Siku mbili baada ya mvua ya kwanza! Hicho ndicho mlichopima nyie.

Sasa modeli ya kawaida inafanya hivi: kila chungu cha kaboni, yaani fungu la kaboni lenye mwendo wake wa kuoza, kinapungua kwa kiwango chake, mara namba ya joto, mara namba ya unyevu. Udongo ukiwa na unyevu wa kati inaoza kwa kasi, ukikauka inapungua, ukilowa inarudi kasi ile ile. Haikumbuki kwamba jana ilikuwa kiangazi. Kwa modeli hiyo mvua ya kwanza na mvua ya kumi ni ndugu mapacha. Hapo hakuna kigezo cha kupandisha, ni umbo lenyewe la modeli, na ukilazimisha kwa kupandisha denitrifikesheni utakuwa umeipandisha kwa mvua zote za mwaka ili kupatia moja. Andika kwenye ripoti kwamba modeli haina kitu hiki, na uonyeshe inakugharimu kiasi gani kwa mwaka. Mtahini mwenye akili atakuheshimu zaidi kwa hilo.

Na vipimo vyenyewe navyo tuvihoji kidogo, tusiionee modeli. Mnatumia visanduku vya kufunika udongo si ndio? Mara moja kwa wiki? N2O inatoka kwa mikupuo, siku chache zinaweza kubeba sehemu kubwa ya mwaka mzima, na sanduku moja na jingine hatua tatu pembeni wanaweza kutofautiana mara kadhaa. Ukichora mstari kutoka jumatatu hii hadi jumatatu ijayo ukadai ndo jumla ya mwaka, umeongeza au umekosa mkupuo na hujui. Kwa hiyo linganisha kwanza siku mlizopima kweli, jumla baadaye. Na kuwa makini na kile kipimo cha ubora wa modeli cha Nash na Sutcliffe cha mwaka 1970 ambacho kila mtu anakiweka kwenye jedwali, kikiwa chini ya sifuri maana yake wastani tu wa vipimo ungekutabiria vizuri kuliko modeli, lakini kilima kikichelewa siku moja tu kinaweza kukushusha chini ya sifuri hata kama ukubwa wake ni sahihi. Chora grafu uitazame kwa macho.

Kaboni inayoshuka. Hii nitaijibu haraka kidogo kwa sababu ni kosa ambalo nimeliona mara nyingi mno. Uliianzishaje? Najua ulivyofanya, uliendesha modeli miaka elfu kadhaa kwa uoto wa asili mpaka ikatulia, halafu ukaruka moja kwa moja mwaka wa kwanza wa jaribio. Sasa modeli inadhani shamba lile jana lilikuwa pori! Lazima kaboni ishuke, na hapo inafanya kazi yake vizuri tu, udongo uliofyekwa jana unapoteza kaboni. Kwenye CENTURY kuna vyungu vitatu vya udongo, kimoja kinageuka ndani ya mwaka hadi miaka michache, cha pili miongo, cha tatu mamia ya miaka hadi zaidi ya elfu. Ukilima, kile cha pili ndo kinaliwa, na kinachukua miongo kadhaa kutulia upya. Kwa hiyo tafuta historia, shamba limelimwa tangu lini, jembe gani, mabua yalikuwa yanaachwa au mifugo iliingia, hata kwa makadirio ya wazee waliokuwepo, halafu endesha hiyo miaka 40 au 60 katikati kabla ya jaribio. Mara nyingi mteremko unaisha hapo hapo.

Kama haujaisha, angalia kinachoingia. Nafaka tani 5, ikiwa nafaka ni 0.45 ya uzito wote wa juu ya ardhi, basi mmea wote ni tani 11.1 na mabua ni tani 6.1. Mabua yakitoka shambani au yakibaki ni tofauti ya tani karibu mbili na nusu za kaboni kwa mwaka, na kwenye faili la shughuli ni neno moja tu, limekaa vibaya limekaa vizuri. Na mizizi je? Wengi wanaisahau.

Hapo hapo, usijisifu haraka kwamba vipimo vinasema imetulia. Sentimita 30 za udongo wenye msongamano 1.3 ni tani 3,900 kwa hekta, kaboni ikiwa asilimia 1 ni tani 39. Ikipungua robo tani kwa mwaka, miaka mitatu haijafika hata tani moja, na sampuli zako za udongo zinacheza zaidi ya hapo kati ya shimo na shimo. Vipimo havijasema imetulia, vimesema havioni. Ndo maana wale wa kituo cha utafiti cha Rothamsted kule Uingereza ambao shamba lao la Broadbalk limekuwa likifanyiwa majaribio tangu 1843 wana neno kuliko sisi wote, na modeli yao ya RothC ilitengenezwa juu ya data za miaka mingi namna hiyo. Ina vyungu vichache, inaenda mwezi kwa mwezi, haihangaiki na N2O kabisa, lakini kwa kaboni peke yake ningeiendesha pembeni ya hiyo yako kama shahidi. Zikiteremka zote mbili kwa mwendo unaofanana jua tatizo liko kwenye unachoingiza na sio kwenye modeli.

Kigezo utakuja kukigusa, sisemi usiguse maisha yote. Ila baada ya maji kukaa sawa, halafu ukuaji wa mmea, halafu naitreti na amonia kwenye udongo, gesi mwisho. Gusa viwili au vitatu, na uweke miaka mingine pembeni ambayo modeli haijawahi kuiona, uijaribie huko. Ukigusa kumi na tano utapata seti hata mia zinazopatia gesi ile ile, moja inachuja kilo 10 za naitreti chini na nyingine inachuja 60, na data yako haina uwezo wa kukwambia ipi ni ya kweli. Keith Beven wa kwenye mambo ya maji amelipigia kelele hilo tangu zamani, watu wa mito wanalijua, sisi wa udongo tunajifanya hatujasikia.

Kitu cha mwisho, jiulize modeli unaitaka kwa kazi gani. Kama ni kulinganisha tu, shamba lenye mabua dhidi ya lisilo na mabua, inaweza ikakosea kiasi pande zote mbili na tofauti ikabaki nzuri ya kutumika. Kama ni kutoa namba ya kilo ngapi kwa hekta mtu akalipwe kwa hiyo namba, hapo usiitoe kabisa kwa hali iliyopo.

Kwa msimamizi nenda hivi, wala usimbishie. Chora wiki mbili tu, wiki kabla ya ile mvua na wiki baada, mistari mitatu kwenye karatasi moja: unyevu wa sentimita 10 za juu wa modeli na wa vipimo, naitreti, na N2O. Kama mstari wa unyevu wa modeli umerudi chini jioni ya siku ya mvua wakati wenu uko juu siku mbili, atauona mwenyewe kabla hujafungua mdomo. Na kama hamkupima unyevu siku hizo, basi chukua ile pete ya chuma wiki hii uende ukapime msongamano, ni kazi ya asubuhi moja na tanuri la nyuzi 105 usiku kucha.